Sabuni ya asili na mfuko ulio chini ya meza

Kwenye maonesho ya Nanenane pale viwanja vya Ngongo, Lindi, ukiingia upande wa vikundi vya akina mama hukosi meza ya sabuni. Vipande vya kijani vya mwarobaini, vya rangi ya chungwa vya bizari ya manjano, vyeupe vya nazi, kila kimoja kimezungushiwa kikaratasi. Mteja anachukua kimoja, anakinusa, anakigeuza, anauliza: "Mama, hii haina kemikali?" Na mama wa watu, kwa moyo mweupe, anajibu: "Haina baba, asilia tupu." Chini ya meza, nyuma ya kanga iliyoning'inizwa kama pazia, umo mfuko wa kostiki soda, ile kemikali kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, ambao ameogopa kuuacha nyumbani na watoto. Nina uhakika umo, kwa sababu miaka miwili mfululizo mama huyo nilikuwa mimi.

Sikuwa tapeli. Nilikuwa na nusu ya jibu. Jibu kamili lina pande mbili, na zote mbili ni za kweli. Hakuna sabuni duniani, iwe ya kiwandani au ya uani, iliyopatikana bila mafuta kukutana na kitu kikali cha jamii ya kostiki. Anayesema ameruka hatua hiyo, ama ameyeyusha sabuni iliyotengenezwa na mwenzake, ama anauza maji ya povu yaliyochanganywa kwa malighafi za kiwandani, ambayo kwa kemia si sabuni. Hapo hapo, kipande kilichotengenezwa vizuri hakina kostiki hata chembe. Imeingia, lakini haimo. Jambo hilo moja likieleweka, mengine yote kuhusu sabuni ya nyumbani yanakaa sawa.

Tuanze na mafuta yenyewe. Yawe ya nazi, ya ufuta, ya alizeti au ya ng'ombe, umbo lake la ndani ni moja. Chukua kole la nazi, lifanye dogo kupita kiasi cha jicho kuona, kisha libakishie nazi tatu tu. Kile kikonyo ni glisarini. Nazi tatu ni asidi za mafuta, yaani minyororo ya kaboni, mingine mifupi, mingine mirefu. Kostiki, ambayo wakemia wanaiita haidroksaidi ya sodiamu, ndiyo mkwezi. Ikiyeyushwa kwenye maji na kukutanishwa na mafuta, inaangua nazi zote tatu. Kila iliyoanguka inadakwa na sodiamu, na kuanzia hapo si mafuta tena, ni sabuni. Kikonyo kinabaki kitupu, nacho ni glisarini ile ile inayouzwa dukani kwenye vichupa vya kupaka ngozi iliyokauka.

Mkwezi huyu hatoki shambani na ujira wake. Anaishia humo humo: sodiamu yake imeingia kwenye sabuni, na ile sehemu yake nyingine imekwenda kukamilisha glisarini. Ndiyo maana ukipima sawasawa hakuna kostiki inayobaki. Ukipima vibaya inabaki, na haijali kama juu ya kikaratasi umeandika "asilia".

Watu walitengeneza sabuni kwa maelfu ya miaka bila kujua haya. Aliyeufumbua mkasa wa mafuta ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, na kitabu chake kuhusu mafuta ya wanyama kilitoka mwaka 1823. Kabla yake waliopika sabuni walijua tu kwamba maji ya majivu yakichemshwa na mafuta, kitu fulani kinatokea.

Na hapo kwenye majivu ndipo wengi wanaponiuliza: basi si tutumie majivu tuachane na kostiki ya dukani? Bibi yangu alikuwa na chungu kilichotobolewa kitako. Alijaza majivu, akamimina maji juu, na chini yakatona maji ya rangi ya chai ambayo aliyatia kidogo kwenye majani ya kunde ili yalainike. Ukiyagusa yanateleza vidoleni. Mtelezo huo ni dalili ya kitu kile kile tunachokitafuta, ila ni kidogo. Maji ya majivu yana kabonati ya potasiamu hasa, ambayo ni dhaifu kwa kazi ya kuangua kole zima. Ukiyachanganya na chokaa iliyochomwa na kuzimwa, kama ile ya matumbawe iliyojenga nyumba za zamani za Mikindani, yanageuka kuwa haidroksaidi ya potasiamu. Sasa umepata mkwezi wa kweli. Lakini umepata pia kitu kinachounguza ngozi kama kostiki ya dukani, tofauti ikiwa kwamba hujui ukali wake, maana kila mti na kila tanuri vina kipimo chake. Wazee wa nchi nyingi walielesha yai kwenye maji hayo ili kukisia. Ghana na Nigeria bado wanatengeneza sabuni nyeusi kwa majivu ya maganda ya ndizi na ya kakao, na ni sabuni nzuri, ila hulainika na kumong'onyoka kwa sababu potasiamu haigandishi kama sodiamu. Kwa hiyo njia ya majivu haikwepi moto. Inapita katikati yake bila mizani.

Kilo ya dagaa si kilo ya changu

Sasa kosa langu. Nilijifunza sabuni kwenye semina ya siku tatu, na nikarudi nyumbani Mtwara na karatasi ya kanuni iliyoandikwa kwa vikombe: mafuta ya mise vikombe kadhaa, kostiki kikombe kadhaa, koroga upande mmoja. Mise ni mafuta ya kokwa za mchikichi, yanatoka Kigoma huko, na kwetu ukiyapata ni ghali. Ufuta ndio wetu. Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa ufuta, na kaka yangu wa Nachingwea alikuwa ameniletea dumu la mafuta yake. Nikasema mafuta ni mafuta. Nikatoa mise, nikaweka ufuta, vikombe vile vile.

Sabuni ikatoka nzuri kwa macho. Shangazi akaichukua, akanawa mikono, akatulia kidogo, kisha akanawa tena kwa maji matupu, akanawa tena. "Mwanangu, hii ni sabuni au ni tindikali?" Kwa kemia si tindikali, ni kinyume chake kabisa, ila ngozi haiulizi majina.

Ilichukua muda kuelewa kilichotokea. Nenda ferini uone meza ya samaki. Kilo ya dagaa ina vichwa mamia. Kilo ya changu labda ina vichwa vitatu. Kama kila kichwa kingetakiwa kupewa punje moja ya chumvi, kilo hizo mbili zisingekula chumvi sawa. Mafuta ni hivyo hivyo. Asidi nyingi za mafuta ya nazi ni fupi, ile kubwa yake, asidi lauriki, ina kaboni 12 tu. Za ufuta nyingi zina kaboni 18. Ndani ya kilo moja ya nazi, basi, mna minyororo mingi zaidi kuliko ndani ya kilo ya ufuta, na kila mnyororo unadai sodiamu yake.

Kwa namba ni hivi. Gramu 1,000 za mafuta ya nazi zinahitaji kostiki gramu 183 hivi ili zigeuke zote. Mise zinahitaji kama 176. Mawese 142. Alizeti 135. Ufuta 134. Nyonyo 128. Tazama mise na ufuta: tofauti ni gramu 42 kwa kila kilo. Gramu hizo arobaini na ushei ndizo shangazi alizonawa. Zilikuwa humo ndani hazina mafuta ya kugeuza, zikaanza na mafuta ya ngozi yake.

Kikombe nacho ni balaa lake. Kostiki inauzwa kama vibapa, kama punje au kama unga, na kikombe cha vibapa ni chepesi kuliko kikombe cha punje. Juu ya hilo, kostiki inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu haina uchoyo. Mfuko uliokaa wazi wiki mbili Shangani, Mtwara, si mfuko ulioununua: vibapa vimeshikana, vimeongezeka uzito wa maji, na sehemu yake imeungana na hewa ikawa dhaifu. Mizani ndogo ya kidijitali, ile inayopima gramu moja moja, ndiyo kifaa cha kwanza. Mimi ningemshauri mtu anunue mizani kabla hata ya kununua mafuta.

Kanuni ninayotumia sasa ni ya mafuta kilo moja: nazi gramu 500, ufuta 400, nyonyo 100. Hesabu yake unaifanya kwa kila mafuta peke yake. Nazi, 500 mara 0.183, ni 91.5. Ufuta, 400 mara 0.134, ni 53.6. Nyonyo, 100 mara 0.128, ni 12.8. Jumla 157.9. Hiyo ndiyo kostiki ambayo ingemaliza mafuta yote. Sitaki iyamalize. Naondoa asilimia tano na kubaki na gramu 150, ili mafuta kidogo yabaki huru ndani ya sabuni. Yale ya ziada yana kazi mbili: yanalainisha ngozi, na yanafunika kosa dogo la mizani. Maji naweka gramu 300, mara mbili ya kostiki. Ukibadilisha mafuta yoyote, hata kwa gramu hamsini, rudi kwenye hesabu.

Kwa nini mchanganyiko huo? Nazi inagandisha na kutoa povu kubwa hata kwenye maji ya bahari, ndiyo maana sabuni ya nazi ilikuwa ya mabaharia. Ila ikiwa peke yake inasafisha kupita kiasi na ngozi inabaki imekakamaa. Ufuta ni mpole lakini povu lake ni la aibu, na ukizidi sabuni inakuwa laini na baada ya miezi inatoa madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha. Nyonyo kidogo inalishika povu lisikimbie.

Niweke hapa onyo moja la kwetu. Mwaka jana kijana mmoja wa Newala aliniuliza kuhusu mafuta ya maganda ya korosho, kwa kuwa maganda yapo bure. Hapana. Mafuta ya ganda, tofauti na ya korosho yenyewe, yana asidi inayobabua, na kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anayajua mabaka yake. Kostiki haiyageuzi kuwa kitu cha kuogea.

Na kwa kuwa tuko kwenye mafuta: bandari yetu ya Mtwara ni mtoto wa njaa ya mafuta. Wakati wa vita vya pili vya dunia na baada yake Uingereza ilikuwa na uhaba hata sabuni ilitolewa kwa mgawo, tangu 1942 hadi 1950. Mwaka 1947 wakaanza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukisimamiwa mwanzoni na kampuni tanzu ya Unilever, watengeneza sabuni na siagi ya mimea. Bandari na reli vilijengwa vibebe karanga. Karanga zilikataa, mradi ukafa 1951, reli ikang'olewa baadaye, bandari ikabaki. Siku hizi inabeba korosho.

Sufuria ya shangazi

Siku ile ile ya ufuta niliharibu kitu kingine. Niliyeyushia kostiki kwenye sufuria ya shangazi, ile kubwa ya wali wa shughuli. Sufuria zetu karibu zote ni za alumini, na kostiki na alumini hawakai nyumba moja. Maji yalianza kuchemka bila moto, yakatoa mvuke wa kukaba, sufuria ikawa nyeusi, kisha ikatokwa na vishimo kama ilipigwa na msasa wa mchanga. Ile hewa inayotoka ni haidrojeni, na haidrojeni inashika moto. Jiko la mkaa lilikuwa hatua nne kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Sufuria haikurudi kwenye shughuli yoyote, na mpaka leo mtu akitaja sabuni mbele ya shangazi lazima itajwe.

Tumia ndoo ya plastiki ngumu inayostahimili joto, ile yenye namba 5 chini yake, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Mwiko uwe wa silikoni au wa plastiki ngumu, maana wa mbao unalika taratibu na kuacha vijiti kwenye sabuni. Kostiki ndiyo inamiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Usigeuze, usimwagie maji juu ya kostiki, kwa sababu joto linalotoka mara moja linaweza kurusha mchanganyiko usoni. Hata kwa njia sahihi, maji ya baridi ya mtungini yanapanda na kupita nyuzi 80 ndani ya dakika chache. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, ukiwa na miwani na glavu ndefu. Miwani si pambo. Mkono ukiungua unapona. Jicho ni habari nyingine.

Ikikurukia, maji. Mengi, yanayotiririka, dakika 15 mpaka 20, ukivua nguo iliyolowa. Watu wanakimbilia siki au limau wakisema inaua ukali. Inaweza kuua, lakini kwa kutoa joto jingine juu ya jeraha. Maji kwanza, kisha hospitali kama ni jichoni au kidonda ni kikubwa.

Hili nitalisema kwa sauti ya juu kidogo. Kostiki iliyoyeyushwa ni maji meupe, yasiyo na harufu. Ukiyaweka kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, umetega mtego kwa mtoto wako. Mtoto akinywa funda moja, koo na umio vinaungua na vinaweza kubaki vimeziba kwa makovu maisha yake yote. Akinywa usimtapishe, maana kitaunguza tena kikipanda. Msukutue mdomo na mkimbize hospitali. Usibakishe kabisa kostiki iliyoyeyushwa. Pima ya kutosha siku hiyo, imalize siku hiyo. Kavu iwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, juu, kwa kufuli.

Uji

Kostiki ikipoa mpaka joto la kuvumilika ukigusa ndoo kwa nje, na mafuta yakiwa na uvuguvugu kama huo, mimina kostiki kwenye mafuta na ukoroge. Mwanzoni ni mafuta yenye maji. Baadaye yanakuwa kama maziwa, kisha kama uji mwepesi wa mtoto, kisha unainua mwiko na tone linaloanguka linaacha alama juu kabla ya kuzama. Alama hiyo ndiyo unayoitafuta. Imekwisha kujikamata, haiachani tena, iwekwe kwenye umbo, yaani chombo cha kuigandishia. Kwa mkono inaweza kuchukua zaidi ya nusu saa. Kwa mashine ya umeme ya kusagia, ile ya kushika mkononi, ni dakika chache.

Kukoroga upande mmoja? Kila semina inafundisha hivyo, na wapo wanaokuambia ukigeuza upande sabuni inakataa. Nimegeuza mara nyingi kwa makusudi, haijui tofauti. Inayoifanya ikatae ni mizani, au mafuta yaliyoganda.

Mafuta kuganda ni jambo la hapa kwetu kabisa. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, chupa iliyokuwa maji jana usiku unaikuta nyeupe. Ukiyamimina hivyo hivyo, uji unakuwa mzito kwa sababu ya ubaridi na wewe unadhani umefika. Hujafika. Siku ya pili unakuta sabuni ina mafuta juu na maji makali chini. Yeyusha nazi yote kwanza, ndipo upime.

Ndani ya umbo inaendelea kupata joto yenyewe, saa 24 hivi. Baada ya hapo kata vipande. Kwa wakati huu karibu kostiki yote imeshatumika, na kuna wanaoiuza siku ya tatu.

Majani yanafanya nini humo ndani

Kidogo kuliko tunavyoandika kwenye vikaratasi. Kumbuka mahali unapoyatia: kwenye mchanganyiko mkali kuliko kitu chochote jikoni. Choya nyekundu ya kupendeza inageuka kijivu-kijani cha kusikitisha. Unga wa mlonge unaingia kijani, na ukikaa mwangani unakuwa rangi ya kahawia. Juisi ya limau inakutana na kostiki na kuishia kuwa chumvi ya limau, huku ikiwa imekula kostiki uliyoipima kwa ajili ya mafuta. Kwa hiyo "sabuni ya limau ya kung'arisha" haina limau ya kung'arisha. Tui la nazi na asali vina sukari, sukari inaongeza povu lakini pia inapandisha joto, na tui lisipogandishwa kwanza linaungua na kunuka.

Manjano yana mchezo wake. Yakiguswa na kostiki yanakuwa mekundu kama udongo wa Masasi, kisha sabuni ikikomaa yanarudi kwenye rangi ya chungwa. Hakuna uchawi. Mama yeyote aliyefua nguo yenye doa la mchuzi wa bizari kwa sabuni ya mche ameliona doa likigeuka jekundu, akaogopa, likarudi njano kwenye maji ya kusuuza. Wapo wanaotumia manjano kupima kama sabuni ina kostiki iliyobaki. Kipimo hicho kinakuonea bure, kwa kuwa sabuni yoyote, hata iliyo salama kabisa, ina ukali wa kutosha kuyageuza mekundu. Kipimo cha wazee wa kazi ni kulowesha kidole, kukisugua kwenye sabuni na kukigusisha ncha ya ulimi: ikiwa imebaki kostiki, ulimi unashtuka kama umegusa betri ya tochi. Isipobaki, unaonja sabuni tu, ladha ambayo kila mtoto aliyewahi kutukana mbele ya bibi anaifahamu.

Mafuta ya mwarobaini ni kitu kingine, hayo ni mafuta na yanageuka sabuni kama mengine. Harufu yake unaivumilia mwenyewe. Ila sabuni inapita kwenye ngozi nusu dakika na kusuuzwa. Ukiandika kwamba inatibu fangasi na pumu ya ngozi, umetoka kwenye sabuni umeingia kwenye dawa, na dawa zina TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Sabuni na vipodozi vilihamishiwa TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, na ofisi za mkoa za SIDO, shirika la viwanda vidogo, zinajua pa kuanzia. Mimi nilianzia hapo.

Jambo la maji lisisahaulike, kwa kuwa ndilo linalovunjia sabuni nzuri heshima. Nyumba nyingi za pwani zetu zina visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana kalsiamu nyingi. Kalsiamu inaidaka sabuni kabla haijafika kwenye uchafu na kuigeuza utando wa kijivu unaoelea kwenye ndoo. Mteja anasema sabuni yako haitoi povu. Mpe aijaribu na maji ya mvua. Maji hayo ya mvua ndiyo ninayoyeyushia kostiki pia, yaliyochujwa kwa kitambaa.

Kusi

Sabuni ya siku ya tatu ina kasoro hata kama ulipima vizuri. Bado imejaa maji, inayeyuka kwenye kisahani kama jibini, na kwenye ngozi ni kali kidogo. Inahitaji wiki nne mpaka sita za kupigwa na hewa. Wengi wanadhani muda huo ni wa kostiki kuisha. Kostiki iliisha zamani, na kama ilizidi tangu mwanzo usitegemee wiki sita zikuokoe. Yanayotoka ni maji, na umbo la ndani linajipanga na kukaza.

Mtwara kuna msimu wa kufanya hivi na msimu wa kujitesa. Kuanzia Desemba kaskazi inavuma, mvua zinaingia, hewa ni nzito. Glisarini iliyomo kwenye sabuni ya nyumbani, ile ambayo viwanda vingi huiondoa na kuiuza pembeni, inapenda maji. Inayavuta kutoka hewani, na asubuhi vipande vyote vimetoa jasho, matone matone, kama vina homa. Havijaharibika, ila vikifungwa kwenye karatasi hivyo hivyo vinaota ukungu wa karatasi na mafuta yanaanza kuchacha. Kusi ikiingia, Mei mpaka Septemba, hewa ni kavu zaidi, na sabuni inakomaa kwa raha. Ufuta mpya nao ndio unavunwa. Kwa hiyo natengeneza nyingi kuanzia Mei mwishoni, ili Agosti iende Ngongo ikiwa imekomaa.

Navipanga kwenye kitanda cha kamba cha zamani, ukumbini, mbali na jua, vikiwa vimepeana nafasi ya kidole kimoja. Kimoja nakiandika tarehe kwa kijiti na kukipima kila Jumapili. Cha mwaka huu kilianza na gramu 128. Wiki ya pili kilikuwa 119, ya nne 113, ya sita 111, ya saba 111. Kipande kikiacha kupungua, kundi lake lote linafungwa kwenye karatasi. Isipokuwa vile vya ukingoni upande wa dirisha, ambavyo shangazi amekwisha kuvichukua wiki ya tatu, na siwezi kumwambia kitu, maana sufuria sijamlipa.